Jumamosi zetu za albamu na mihuri zimegeuka kuwa kazi, nami naogopa kusema

BARUA YA MSOMAJI

Bi Mshauri, asalaam aleykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mwalimu wa skuli ya msingi, mzaliwa wa Wete, Pemba, na mkaazi wa Kikwajuni hapa Unguja tangu nilipoolewa. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo nimeshindwa kumweleza mtu yeyote wa karibu, kwa sababu kila nikilianza naona usoni mwa anayenisikiliza kwamba analiona dogo.

Kwa miaka minne sasa, mimi na wenzangu wanne tumekuwa tukikutana kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri mpaka karibu na magharibi, kila wiki nyumbani kwa mmoja wetu, kutengeneza albamu za kumbukumbu. Hatubandiki picha tu. Tunakata karatasi za rangi, tunazipanga picha ziwe na kisa, tunaandika chini yake nani ni nani na siku ile palikuwa na nini, na pembeni tunapiga mihuri ya mpira ya maua, nyota na herufi. Aliyetuanzishia ni shoga yetu aliyeishi Maskati miaka mingi, akarudi na sanduku zima la mihuri pamoja na pedi za wino wa rangi za kila namna, ilhali sisi tulizoea kuona wino mweusi na wa zambarau wa maofisini. Baadaye mimi nikajifunza kuchonga mihuri yetu wenyewe kwa wembe juu ya raba za kufutia: kilua, asumini, korosho kama ile ya kwenye kanga, misumari ya milango ya Mji Mkongwe. Herufi ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa lazima zichongwe kinyumenyume ndipo zisomeke zikipigwa.

Sijui kama nitaweza kukueleza utamu wa saa zile. Tunatandika mkeka, mwenye nyumba anatia chai ya mchaichai, mwengine anakuja na bajia au kachori, na hakuna ukurasa unaomalizika bila ya mtu kuuliza, "Huyu nani? Na huyu aliyekaa nyuma?" Kwa kuulizana hivyo nimezijua nasaba za wenzangu kama ninavyozijua zangu. Mmoja wetu alipofiwa na baba yake, tulikaa Jumamosi tatu tukimsaidia kupanga picha za marehemu, na nakumbuka alilia na kucheka katika ukurasa mmoja.

Mwaka jana tulimtengenezea mpwa wa mwenzetu albamu ya harusi kama zawadi. Waliokuja kumtazama bibi harusi wakaiona, wakauliza inauzwa kiasi gani. Shoga yetu wa Maskati akataja shilingi 150,000, wakakubali papo hapo. Leo tuna albamu kumi na moja zinazosubiriwa kabla ya mwezi wa mlisho, maana harusi nyingi hukimbizwa kabla ya Ramadhani, na Jumamosi zetu zote zimekwenda huko.

Bi Mshauri, mimi si adui wa fedha, na mgao wangu ninaupokea. Lakini mambo yamebadilika. Zamani muhuri ukipigwa upande, tulikuwa tunaufunika kwa ua la karatasi na kuendelea na mazungumzo. Wiki tatu zilizopita nilipiga muhuri ukakaa upande, nikaambiwa mbele ya wote, "Mteja hatalipa kwa hili." Hakuna tena anayeuliza "huyu nani", kwa sababu picha ni za watu tusiowajua. Na lililoniuma zaidi ni muhuri wangu wa karafuu. Niliuchonga kwa kuangalia kikonyo cha karafuu alichonipa mama yangu, kwa ajili ya albamu yake, kwani yeye alilelewa kwenye mikarafuu na alituvisha na kutusomesha kwa kuchuma na kuchambua karafuu za watu. Siku moja nilifungua albamu ya mteja nikakuta karafuu ile imepigwa kila pembe, kwa rangi ya dhahabu. Hakuna aliyeniuliza.

Albamu ya mama imesimama ukurasa wa kumi na tisa tangu mwezi wa Agosti. Mama ana miaka 71 na macho yake yanaingia ukungu. Katika picha za zamani alizonipa, mojawapo inamwonyesha akiwa msichana, amesimama na wasichana wawili mbele ya jamvi la karafuu zilizoanikwa. Sijui wale wawili ni nani. Nilijiambia nitamwuliza nikifika ukurasa huo.

Kinachonizuia kusema ni mwenzetu mmoja aliyeachika, mwenye watoto watatu. Najua kwamba ada ya chuoni na sare za watoto wake zimetoka kwenye mgao wa albamu hizi. Nikisema tuache, nitakuwa nimemtia mchanga katika kitumbua chake. Wa tano wetu ni mkimya, hasemi lolote. Mume wangu naye, ambaye kwa miaka mitatu aliyaita haya "makaratasi yenu", sasa ananisifu mbele ya ndugu zake kwamba hatimaye yanaleta kitu. Sifa ile nayo imeniumiza, na sijui kwa nini.

Je, mimi ni mbinafsi? Nijitoe, ninyamaze, au niwaambie na nihatarishe urafiki wa miaka minne kwa sababu ya raba na wino?

Mwenye Wembe, Kikwajuni

JAWABU

Mwalimu wangu, wa aleykum salaam.

Nimeisoma barua yako asubuhi, nikairudia usiku, na kabla ya yote nataka ujue kwamba sikuliona jambo lako kuwa dogo. Kundi la wanawake watano wanaoweza kukaa miaka minne bila ya kukosana, wakaulizana habari za wazee wao, wakaliliana misiba juu ya mkeka mmoja, ni jambo ambalo watu wengi wanalitafuta na hawalipati.

Kama nimekuelewa, mna Jumamosi moja na inatakiwa kufanya kazi mbili. Kwako ilikuwa ni saa ya mapumziko, ya mashoga na ya kumtengenezea mama yako kumbukumbu. Sasa imekuwa saa ya kutimiza maagizo ya wateja, na kwa kuwa maagizo hayo yanalisha nyumba ya mwenzenu, unaona kulalamika ni dhambi. Umebaki unapiga mihuri huku moyo umehama.

Niruhusu nikuulize mambo mawili matatu kwa upole. Barua yako inazungumza kana kwamba wenzako wanne wote wanaitaka biashara na wewe peke yako huitaki. Lakini nikiisoma vizuri naona mtu mmoja tu aliyetaja bei na anayezungumzia wateja. Mwenzenu aliyeachika anahitaji fedha, hilo liko wazi, ila kuhitaji fedha hakumaanishi kwamba hazihuzunikii Jumamosi za zamani. Huenda yeye amezipoteza kwa uchungu kuliko wewe, kwa sababu hana hata nafasi ya kujiuliza kama anazitaka au la. Na yule mkimya, nani amewahi kumwuliza? Simaanishi kwamba nyote mna fikra moja, ila umewabebea wenzako majibu ambayo hawajayatoa.

Kuhusu ubinafsi, sidhani kama neno hilo linakufaa. Umeendelea kutoa mikono yako, mihuri yako na hati yako kwa miezi kadhaa huku ukiumia, na mtu mbinafsi asingekaa hivyo hata wiki mbili. Hata hivyo kukaa kimya nako kuna madhara yake. Kinyongo cha mtu mpole hujilimbikiza pole pole, kisha siku moja hupasuka kwa jambo lisilohusika, pengine kwa gundi iliyomwagika au mkasi uliopotea, na wenzake hubaki wanashangaa kosa lao ni lipi.

Umesema hujui kwa nini sifa ya mumeo imekuumiza. Nadhani ni kwa sababu ameisifu fedha na hajaisifu kazi, na wewe ulikuwa unangoja tangu mwanzo athamini kazi yenyewe. Simlaumu; watu wengi hawaoni maana ya kitu mpaka kiwe na bei. Lakini unaweza kumkalisha usiku mmoja, ukamfungulia kurasa zile kumi na tisa za mama yako, na ukamsomea uliyoandika chini ya picha. Huenda hajawahi kuziona vizuri hata siku moja.

Nisimame kidogo hapa kwenye historia ya kazi hii, maana inanigusa na nadhani itakufariji. Muhuri si mgeni kwetu: mitindo ya mwanzo ya kanga katika mwambao huu, mwishoni mwa karne ya 19, ilipigwa kwa mkono kwa mihuri ya kuchonga, kabla ya kazi hiyo kuhamia viwandani ng'ambo. Korosho unayoichonga wewe juu ya raba ina ukoo mrefu. Na hilo la kumbukumbu kugeuka biashara nalo ni la zamani. Huko Marekani mwandishi Mark Twain alipata hataza, yaani haki rasmi ya mbunifu, mwaka 1873 kwa kitabu cha kubandikia ambacho kurasa zake zilikuwa zimekwisha kupakwa gundi, kikamwingizia fedha. Mwaka 1980, katika mji wa Salt Lake City, mama mmoja aitwaye Marielen Christensen alionyesha hadharani albamu alizowatengenezea watu wa nyumbani kwake. Waliomwona wakataka kujifunza, na yeye na mumewe wakaishia kuandika kitabu na kufungua duka. Utaona basi kwamba mapenzi na biashara vimekuwa vikikaa nyumba moja katika kazi hii tangu zamani. Kinachobakia ni kila kundi kupanga nani analala chumba gani.

Katika njia ulizo nazo, ya kwanza inayokuja kichwani ni kutenga siku: maagizo yafanywe siku nyengine, na Jumamosi irudi kuwa ya picha zenu wenyewe. Inapendeza kuisikia. Lakini nyinyi ni wanawake wenye nyumba, watoto na kazi, wewe una daftari za kusahihisha, na siku ya pili haitatoka hewani. Nahofia pia kwamba maagizo yakichelewa, siku itakayomegwa ni Jumamosi, kwa sababu mteja anapiga simu, na picha ya mama yako haipigi. Mkichagua njia hii, itahitaji mpaka unaotajwa kwa namba, kwa mfano kwamba hamtapokea zaidi ya albamu kadhaa kwa mwezi, na awepo mmoja mwenye moyo wa kumwambia mteja "tumejaa".

Njia nyengine ni wewe kubaki katika Jumamosi lakini ujitoe katika maagizo na katika mgao wake. Hapo lazima nikuambie wazi jambo ambalo barua yako inalipitia haraka: wateja wanavutiwa na nini hasa? Karatasi za rangi zinapatikana Darajani, na gundi kila mtu anayo. Wanachokipata kwenu na hawakipati kwengine ni ile mihuri uliyoichonga kwa mkono wako. Ukijitoa, mwenzenu aliyeachika anaweza kupungukiwa, na wengine wanaweza kuona umesusa. Unaweza kupunguza athari hiyo kwa kumfundisha yeye kuchonga, awe na ujuzi wake usiokutegemea wewe. Mimi wazo hilo linanivutia sana, ingawa linataka subira yako, na linataka yeye aridhie kufundishwa bila ya kuhisi kwamba anapewa sadaka.

Na mihuri yenyewe lazima izungumzwe, maana naona ndani yake kuna haki iliyosahauliwa. Ile ya dukani iliyotoka Maskati ichunguzeni kwanza, kwa sababu kampuni nyingi zinazotengeneza mihuri ya namna hiyo huweka masharti juu ya kuuza kazi zilizopigwa kwa michoro yao. Nyengine huruhusu kwa kiasi fulani, nyengine hukataa. Uliyoichonga wewe kwa mchoro wako ni kazi yako, na hapa Zanzibar tunayo COSOZA inayoshughulikia hakimiliki, mkitaka kuelezwa zaidi. Sikushauri uwapeleke mashoga zako ofisini. Nasema tu kwamba una haki ya kusema: huu wa kilua tumieni, huu wa asumini tumieni, lakini karafuu ya mama yangu inabaki nyumbani. Ninaamini kabisa kwamba aliyeipiga kwa rangi ya dhahabu hakujua ilikotoka. Je, uliwahi kuwasimulia habari ya kile kikonyo? Barua yako haisemi kwamba uliwasimulia.

Kuna hatari moja ambayo hukuitaja na mimi siwezi kuiruka. Picha za harusi zetu, hasa za siku ya kumsinga na kumpamba bibi harusi, nyingi hupigwa pakiwa na wanawake peke yao, vichwa wazi, watu wako katika furaha yao. Mlipokuwa mkibandika picha zenu wenyewe, amana hiyo ilikuwa ya mashoga watano. Sasa mnapokea picha za watu kumi na moja msiowajua, pengine kwa simu, na zinapelekwa kuchapishwa mahali fulani na mtu fulani. Kabla hamjazungumzia bei, zungumzeni nani anaziona, nani anazifuta kwenye simu kazi ikimalizika, na ukurasa uliotoka vizuri uonyeshwe nani. Ikipotea picha moja tu mkaonekana nyinyi ndio chanzo, hamtakuwa na biashara wala Jumamosi.

Kujitoa kabisa, uliyoitaja mwishoni mwa barua yako, ni njia pia, na siwezi kukuambia kwamba ni mbaya. Wapo watu waliojitoa wakapumua. Ila naona umeitaja kama mtu anayetaja safari asiyotaka kuifunga, na kama ni hivyo, usiifanye kwa hasira ya siku moja.

Ukiamua kusema, fikiria utakavyoanza. Kuitisha kikao na kutangaza kwamba biashara imeharibu urafiki kutamfanya shoga yenu wa Maskati ajihisi ameshitakiwa, naye ndiye aliyekuleteeni sanduku lile. Labda ingekuwa wepesi zaidi kumwendea yeye peke yake kwanza, ukamwambia unazikosa Jumamosi za "huyu nani", na ukamwuliza kama yeye hazikosi. Au labda uanze na mwenzenu aliyeachika, umwulize bila ya kuzunguka anahitaji nini kwa mwezi, ili mjue maagizo mangapi yanatosha kwa haja hiyo. Huenda si kumi na moja. Nani wa kuanza naye, unamjua wewe kuliko mimi.

Sasa nirudi kwa mama yako, kwa sababu nimeona kwamba kila unapoeleza habari ya kundi lako, kalamu yako inarudi Wete. Wewe umeyafunga pamoja mambo mawili, kana kwamba albamu ya mama haiwezi kusonga mpaka Jumamosi zipone. Je, ni lazima iwe hivyo? Najua kwamba kuifanya peke yako hakutakuwa na ladha ile ile. Lakini kurasa zinaweza kungoja wenzako, na majina hayawezi kungoja hivyo. Macho yake mpelekeni kwa daktari bila ya kuchelewa, kwani ukungu wa umri ule mara nyingi huwa ni mtoto wa jicho, nao hutibika kwa upasuaji. Na mwenye kujua wale wasichana wawili ni yeye.

Wala usiibandike picha ile yenyewe. Ipige kwa simu karibu na dirisha, penye kivuli, bila ya mwanga wa kamera, uchapishe nakala, na nakala ndiyo uikate na kuipamba utakavyo. Ya asili ihifadhi katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na zile albamu zenye kurasa za kunata zilizofunikwa plastiki, ambazo gundi yake huwa manjano na kuing'ang'ania picha mpaka inachanika ukijaribu kuitoa. Unajua masika yetu yanavyoingia makabatini. Kwa sababu hiyo hiyo, kwa kurasa za mama tumia wino usioyeyuka kwa maji, usije ukakuta karafuu zako zimeenea ukurasa mzima.

Ukipanda boti kwenda Pemba likizo hii, chukua penseli laini, usichukue kalamu. Mwachie mama aitazame picha kwanza kwa muda anaoutaka, na akishataja majina ya wale wawili, ilaze kifudifudi juu ya meza ngumu iliyo safi, uyaandike nyuma kwa mkono mwepesi, pamoja na shamba lilikuwa la nani na nani alikuwa akipiga picha ile. Kisha, ukipenda, niandikie tena unieleze Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi kwako ilikuwaje, na ni nani kati ya wenzako aliyeuliza, "Huyu nani?"